Piki ya Baba Zawadi Juu ya Pikapu

Jumanne. Jua kali, upepo hakuna. Ziwa limenyamaza tangu asubuhi, na mimi silipendi likinyamaza.

Acha niandike jambo ambalo Kalundu nzima inalijua: hakuna mwanaume pwani hii aliyepakia pikipiki nyingi juu ya pikapu kama mimi, na hata moja haijawahi kuanguka.

Basi, mbili zilianguka. Moja iliangukia mguu wangu, ndiyo maana natembea kama bata. Ya tatu siihesabu, maana ilianguka majini na hakuna aliyeiona ikifika chini.

Lakini kazi naijua. Shule niliiacha darasa la nne, piki sijaziacha mpaka leo. Kwa hiyo Mama Zawadi alipokuja kuniita, sikukataa. Ningemkataliaje mjane?

Mume wake, Baba Zawadi, aliingia ziwani na mtumbwi wa mizigo, miezi mitatu sasa. Mtumbwi ulirudishwa na mawimbi, umepinduka. Yeye hakurudi. Tulimwita jina mpaka sauti zikakauka. Kaburi hakuna. Kilichobaki ni piki yake, imeegemezwa ukutani, na ziwa limepanda mpaka limeilowesha magurudumu. Mdogo wa marehemu, anayekaa Runingu, amekubali kuitengeneza na kubebea watu, wale watoto wapate kula. Ikivunjika njiani, Mama Zawadi hana kitu kingine chochote.

"Weye njo unajua hii kazi, muzee," aliniambia. "Isianguke tu."

Pikapu ni ya Saidi, anayepeleka ndagala, dagaa wa ziwa letu, huko bondeni. Saidi ni mtu wa msikiti, nami kila siku namtania kwamba kwa harufu ile hata malaika wake wanamfuata kwa mbali. Leo hakucheka. Aliiangalia ile piki, akasema "Bismillahi," akaenda kutafuta ubao.

Kupakia kuna adabu yake. Pikapu irudi nyuma mpaka penye kilima kidogo, ubao usiwe wima. Ubao uwe mpana, ufungwe usiteleze. Injini imezimwa, mafuta yamefungwa. Gurudumu la mbele litangulie, na wewe usukume ukiwa kando, usisimame nyuma yake hata kidogo, maana piki ikikurudia haiombi pole. Ikishafika juu, tia gia, vitesi ya kwanza, kunja ule mguu wake wa chuma, kisha uvute usukani kwa mipira miwili ya kufungia mizigo, huku na huku, mpaka piki iiname mbele kama mbuzi anayekunywa maji.

Tukasukuma, Saidi kushoto, mimi kulia. Ni piki ndogo, uzito wake mikono yangu inaujua. Leo ilikuwa nzito nyuma. Uzito wa mtu aliyekwisha panda na hataki kushuka.

"Saidi, umeweka nini humu?"

"Minye? Minye niko nasukuma, muzee. Weye njo unavuta nyuma."

Sikuwa navuta.

Kwetu huku mipira peke yake haitoshi. Barabara ni mashimo matupu, kwa hiyo mtu hukaa juu ya piki yenyewe, miguu chini pande zote mbili, mkono kwenye freni ya mbele, anasafiri hivyo kama mfalme wa vumbi. Anayekaa ni mwenye piki. Mwenye piki hayupo. Saidi anaendesha. Nikakaa mimi.

Sasa niandike kile ambacho sijamwambia mtu.

Safari ile ya mtumbwi ilikuwa yangu. Nilisema mgongo unaniuma. Haukuniuma. Niliamka na uvivu tu, na nilitaka nimwone Baba Zawadi akihangaika na magunia mimi nikiwa nimekaa kivulini. Alicheka, akaniita mzee wa hovyo, akachukua kasia.

Aliketi mahali pangu.

Tulitoka Kalundu tukipita zile nyumba ambazo ziwa limeziingia. Maji yamejaa vyumbani, mlango uko wazi, na juu ya ukuta bado kuna nguo ya mtu. Shimo la kwanza likatupiga. Piki ikadidimia nyuma, kama kawaida. Ila haikuinuka tena.

Halafu nikasikia mikono kiunoni.

Haikunibana. Ilinishika vile abiria anavyomshika dereva asiyemwamini. Sikugeuka. Nilianza kuimba wimbo wa kipumbavu wa kilevi, nikakuta maneno yake yote yamenitoka kichwani.

Pale Kavimvira mama mmoja aliyebeba muhogo alitupisha, akapaza sauti: "Mushikane muzuri, wazee!"

"Niko peke yangu, mama!" nikamjibu, nikajaribu kucheka.

Yeye hakucheka. Alitazama nyuma yangu, akatua muhogo wake chini polepole, akasimama hivyo mpaka vumbi likamfunika.

Runingu tulifika saa nane mchana. Kushusha piki nako kuna adabu: inashuka kinyumenyume, gurudumu la nyuma kwanza, mtu mmoja kila upande, freni ya mbele mkononi. Mimi naijua hiyo adabu kuliko sala. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na mdogo wa marehemu alikuwa ananiangalia, sura ile ile ya kaka yake. Nikataka nimalize haraka na nionekane mwanaume. Nikamwambia Saidi akae kando. Nikafungua mipira yote, nikatoa vitesi, nikabaki nimekaa juu, nikaiachia.

Katikati ya ubao, ubao ukahama.

Hapo nilijua nimewamaliza watoto wa watu. Niliikamata freni kwa nguvu zangu zote, nayo ikanijibu, ngumu, imara. Piki ikasimama wima palepale, juu ya ubao uliopinda. Kisha ikashuka yenyewe, pole pole, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Ikafika chini bila mkwaruzo. Watu wakapiga makofi.

Mdogo wake akaja, akashika ile freni. Ikalala mkononi mwake bila kazi, kama ulimi wa mbuzi aliyekufa.

"Muzee, hii freni iko imekufa. Kabo imekatika, angalia."

Nikaangalia. Waya umeliwa na kutu, vipande viwili, na kutu yenyewe ni ya zamani.

"Sasa ulikuwa unashika nini?"

Saidi alikuwa anatazama mgongo wa shati langu. Lilikuwa limelowa, kuanzia mkanda mpaka mabegani. Nikasema ni jasho. Saidi akapitisha kidole, akanionyesha. Jasho halina mchanga.

Tulirudi Kalundu. Mama Zawadi amenipigia simu jioni hii, analia na kushukuru, ananiita baba.

Shati nimebadilisha mara mbili. Hili la tatu nalo limeanza kulowa. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, nimekaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu huko nyuma nafasi haipo.

Baba Zawadi, nisikilize. Ulikaa mahali pangu, na mimi leo nimekaa mahali pako. Hapo sijui kama tumelingana, utaamua mwenyewe. Pale kwenye ubao ulinishikia, sikatai, na watoto wako wamepona. Lakini nimekubeba barabara yote ile mpaka kwa ndugu zako na sikulalamika, mimi ambaye hulalamika hata nikipewa chai. Kwa hilo unanidai wewe? Hapana, mzee mwenzangu. Nakudai mimi. Na sitaki kitu kikubwa.

Tumefika, rafiki yangu. Shuka.