Tukio Hili Litaripotiwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na kama umesimama, keti kwanza. Sisi huku hatujambo, paa halivuji na kazi inakwenda. Hali yako nakuuliza, na safari hii nauliza kwa maana yake, si ile ya kupita mlangoni. Jibu lako la "niko buheri wa afya" nimeliamini mwaka mzima na sasa silitaki tena.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukibanwa huwa unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki. Anakuletea mkweo, naye nimemwagiza asinyanyuke hapo mpaka uimalize. Najua pia tabia yako ya kuanza barua kwa mwisho ili ujue kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Anza juu ushuke taratibu, maana nitakueleza habari za kompyuta yangu, nazo ndizo zilizonifikisha kwenye ugonjwa wako.

Ndiyo, mama. Najua.

Unaikumbuka ile mashine ya chumba cha mbele, ninayochapia watu barua za maombi ya kazi na kutolea picha za pasipoti. Ilikuwa imechoka. Wateja walikuja na flashi zao, kila flashi na virusi vyake, na mfumo wenyewe ulikuwa wa kunakili, wa wizi tukisema kweli, kila asubuhi ukinitolea kioo cheusi na onyo kwamba mimi si mnunuzi halali. Kisha mwanachuo mmoja akaja kufungua kazi yake ya utafiti, akakuta majina ya mafaili yapo na ndani hamna kitu. Alilia palepale kwenye benchi. Nami nikalia naye, na wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakaondoka wakidhani tumefiwa.

Mtaani kwetu kuna fundi kompyuta, mwanamke mwembamba tunayemwita Bibi Waya kwa sababu mkoba wake haufungiki kwa wingi wa nyaya. Huyo ndiye aliyeniambia nimechelewa kuhama. Alisema upo mfumo mwingine ambao watu wa kila pembe ya dunia wameujenga kwa kushirikiana, wanautoa bure, na anayetaka anaruhusiwa kuufungua ndani, auone ulivyoundwa na kuurekebisha. Nikamuuliza watu hao wanakula nini. Akasema wana kazi zao, na hii ni kazi ya kujitolea. Nikawaza kwamba rahisi ni ghali, nikamzungusha wiki nzima, lakini kila nikikiona kile kioo cheusi namkumbuka yule mwanachuo. Mwisho nikakubali.

Mama, siku ya kwanza nilijiona kama mtu aliyeamka akakuta jiko limehamishiwa chumbani. Kila kitu kipo na hakuna kilicho mahali pake. Printa, ambayo zamani ilitaka kubembelezwa kama bibi harusi, iliitika mara moja, nami badala ya kufurahi nikaishuku. Lakini kilichonitoa jasho ni lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Likikudai nywila, unaandika na hakionekani kitu, hata nukta. Nikajua kibodi imekufa. Nikaigonga, nikaigeuza, nikaipuliza vumbi, nikampigia Bibi Waya kumlaumu kwamba ameniharibia riziki. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa, mashine inakusikia ila haionyeshi.

Jambo moja nililipenda tangu mwanzo. Bibi Waya alisema mfumo wa zamani ulioza kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa na mamlaka yote. Kwa hiyo alitenga milango miwili, wangu wenye mamlaka, na wa mkweo wa mtumiaji wa kawaida. Anaweza kuandika, kusoma, kutazama mpira, lakini hawezi kuingiza programu yoyote bila nywila yangu. Unanijua nilivyo. Nilimtania mume wangu kutwa kucha. Nilimwambia kwamba huko nje anaweza kuwa mwalimu wa udereva na watu wakamsikiliza, ila humu kwenye mashine mwenye nyumba ni mimi, na akigusa asichoruhusiwa nitaletewa ripoti. Hilo la ripoti nililitunga mwenyewe, kwa utani. Sikujua kwamba mashine nayo inasema hivyohivyo.

Jumapili iliyopita, mchana, nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Mkweo alikuwa chumba cha mbele peke yake. Akaja akasimama mlangoni, mikono mfukoni, akaniuliza kama nimeshaipata ripoti.

Nilidhani amejaribu kuingiza ule mchezo wa karata aliokuwa akiulilia. Basi nikakaza uso, nikamjibu kwamba ripoti nimeipata, nimeisoma yote, na nilikuwa nangoja tu aje kuniambia mwenyewe. Mzaha mzaha hutunga usaha, mama, wewe ndiye uliyenifundisha.

Alivuta kigoda akakaa. Ule mguu wake wa kulia, ambao miaka ya kukaa pembeni mwa wanafunzi imeuzoeza kutafuta breki hata sebuleni, ukaanza kukanyaga sakafu. Akasema anashukuru Mungu nimejua, kwa sababu yeye alikuwa amefika mwisho. Akasema alikuambia tangu siku ya kwanza kwamba jambo kama hili halifichiki. Mimi bado nilikuwa natabasamu, nangoja afike kwenye karata. Ndipo akasema uvimbe uko kwenye figo la kushoto na daktari ameshaongea naye mara tatu.

Sikuelewa. Nilimuuliza figo la nani. Akaniangalia, akaona uso wangu, akajua kwamba sikuwa nimeletewa ripoti yoyote. Akajishika mdomo kwa mikono miwili, mtu mzima yule, lakini neno likishatoka halirudi.

Basi alinieleza yote. Kwamba safari zile za kuwaleta wanafunzi wake huko kwa mtihani wa barabarani, akirudi na salamu zako na ndizi zako, alikuwa akikupitia kukupeleka hospitali kwenye gari la mafunzo, na wanafunzi wakimsubiri kivulini. Kwamba alikukuta siku moja umeshindwa kuinuka kwenye kiti, na ukamwambia habari ya damu kwenye mkojo, na ukamwapisha kabla hajatia neno. Kwamba umepewa kitanda mara mbili ili ufanyiwe upasuaji, na mara zote mbili ukawaambia wauguzi kwamba huna mtu wa kukuuguza. Huna mtu, mama. Mimi nimezaliwa na nani?

Kuhusu ile ripoti, ilikuwa hivi. Daktari mmoja wa hapa kwetu alifundishwa udereva na mkweo, yule aliyegonga lango la shule mara mbili na mkweo akamvumilia. Aliombwa msaada, akasema atumiwe picha za kipimo chako azitazame. Picha zenyewe ziko kwenye sidi uliyopewa hospitali, na mkweo alikuwa ameificha chini ya zulia la gari. Akaiweka kwenye mashine yangu, haikufunguka. Akasoma mtandaoni kwamba inahitaji programu fulani, akanakili amri kama ilivyo, akatia nywila yake. Mashine ikamjibu kwamba mtumiaji huyu hayumo kwenye orodha ya wenye mamlaka, na chini yake ikaandika: tukio hili litaripotiwa.

Alikaa pale akifikiri habari imeshanifikia jikoni kupitia simu yangu, na sidi imo kwenye mashine na jina lako limeandikwa juu yake. Akaona heri aje mwenyewe kuliko kufuatwa.

Baadaye nilimuuliza Bibi Waya ripoti hiyo hupelekwa wapi. Akasema haipelekwi popote, inaandikwa ndani ya tumbo la mashine na watu wengi hawajawahi kuisoma maisha yao yote. Hakuna aliyeniripotia, mama. Kama ningemjibu "ripoti gani?", angerudi zake chumba cha mbele, na mimi ningeendelea kula ndizi zako.

Siku hiyohiyo Bibi Waya alinielekeza kwa simu namna ya kuingiza ile programu. Nilikaa kwenye kiti, mkweo nyuma yangu. Dirisha jeusi likadai nywila, nikaandika bila kuona ninachoandika, na baada ya muda ukatokea wewe. Vipande vyeupe na vyeusi, kimoja baada ya kingine, kama mkate uliokatwa. Nimeuona uti wa mgongo wako, umepinda kidogo upande. Nimeziona mbavu zako. Na nimekiona hicho kitu, sikuhitaji udaktari kukijua, kwa sababu upande wa pili hakipo. Nimeishi nawe miaka mingi, nimelala kifuani pako, na sikudhani siku moja nitakutazama ndani kwenye kioo ninachochapia watu barua za kazi.

Picha tulizituma. Daktari alipiga simu jioni. Alisema uvimbe bado uko ndani ya figo, haujatoka nje, figo likiondolewa mtu anaishi na moja na kuzeeka nalo. Alisema pia kwamba muda wa kusubiri umekwisha, ukiahirisha mara ya tatu asiulizwe tena. Nimezungumza na hospitali ya huko. Kitanda chako ni Jumatatu. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu na wewe hukuniomba.

Nina hasira nawe, mama, na ninakuandikia nikiwa bado nazo. Mkweo anasema ulificha kwa sababu marehemu baba alipougua nilifunga kazi nikakaa naye mpaka mwisho, na hukutaka nifunge tena. Sawa. Lakini mwaka mzima nimekuwa nikikusimulia habari za virusi na printa, nawe unacheka upande wa pili, na mkono umeushika kiunoni. Hilo linaniuma kuliko picha.

Sasa nifike pale nilipokuwa napaogopa. Kuna neno la mwisho alilolisema mkweo pale kwenye kigoda, nalo ndilo lililonipiga kuliko yote. Alisema kila alipokusihi ukubali kupasuliwa ulimjibu kwamba umeshamzika mume, umeshamwoza mwanao wa pekee, na hakuna kilichobaki duniani cha kukusubiri, kwa hiyo wasikusumbue na visu. Na kila uliposema hivyo, yeye alitoka nje akasimama kando ya gari, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni mwake na mimi nilikuwa nimeushona mdomo huo.

Wewe ulimwapisha, mama. Na mimi nilimwapisha.

Nina mimba, na sasa imepita miezi mitano. Zile mbili zilizoharibika wewe unazijua, na ninajua vile vijisweta ulivyofuma mara zote mbili, ukavirudisha sandukuni bila kuniambia neno. Sikutaka ufume mara ya tatu. Nilimwambia mume wangu kwamba hadi mtoto alie mikononi mwangu, asithubutu kukuambia. Kwa hiyo maskini yule amekuwa akija kwako na siri yangu, anarudi kwangu na siri yako, na kila upande anasema ni wazima kabisa. Siri moja ingeiponya nyingine, nasi tulizitenga kwa viapo. Ungekuwa umeshapasuliwa tangu kile kitanda cha kwanza.

Mtoto anacheza. Ameanza majuzi, hasa nikikaa kwenye mashine. Mkunga anasema kila kitu kiko mahali pake. Mimi sijui kumwogesha mtoto mchanga, sijui kumbeba shingo, sijui kilio cha njaa na kilio cha tumbo vinatofautianaje. Nimetafuta mtandaoni, maelezo yamejaa tele, na sitaki hata moja. Nakutaka wewe. Nenda ukapasuliwe, upone, uje unifundishe.

Jumapili nitakuwa mlangoni kwako, mimi na tumbo langu, ulione mwenyewe kabla hawajakulaza. Kwenye mashine atakaa Bibi Waya. Wauguzi wakikuuliza tena kama una mtu, waambie unao wawili na wa tatu yuko njiani.

Msalimie jirani yako wa mkono wa kulia, na umwombe akuangalizie kuku. Mkweo hana salamu humu, yuko mbele yako. Mpe maji, na umfungulie kiapo chako, kama nilivyomfungulia changu.

Ni mimi mwanao,
uliyemwambia uko buheri wa afya.