Sufuria Iliyolala Ndani ya Blanketi

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Je, mgongo umeacha kukusumbua? Na baridi ya huko imepungua? Sisi tu wazima. Magoti yangu hulalamika kila nipandapo ngazi, lakini hupanda. Barua yako nimeipata. Mtu mzima huandika zaidi ya nusu ukurasa.

Sasa habari za harusi ya binti yako. Sikukuandikia mapema kwa kuwa sikutaka upate presha, ila tulikaribia kukosa mpishi, na shangazi yake aliapa kwamba hata ukumbini hatakanyaga.

Unamjua dada yetu. Mchuzi wa shughuli huupika jioni, kisha huifunga sufuria kwa mablanketi mpaka asubuhi, kama mzazi na kichanga chake. Nawe wajua kazi ya binti yako huko maabara: kukadiria jinsi bakteria watakavyoongezeka katika chakula kulingana na joto, unyevu na uchachu wake. Basi akamwambia mbele ya wakwe zake watarajiwa: "Shangazi, blanketi hilo linawalea bakteria."

Lo! "Nimelisha harusi za ukoo huu kabla hujaota meno," dada akajibu. "Haya, pika wewe na kompyuta yako!" Akavua aproni, akaondoka.

Kesho yake niliwaketisha wote wawili sebuleni. Nikaamuru sufuria moja ipikwe na ilale na blanketi lake. Binti yako akachota sehemu ya mchuzi huo ukiwa moto, akaumimina katika trei pana, akaupoza upesi kwa barafu na kuutia jokofuni. Akapiga hesabu zake, akatabiri: katikati ya sufuria patabaki vuguvugu, bakteria watazaana kupita kiasi, lakini harufu haitabadilika.

Asubuhi dada akafunua sufuria. Mchuzi ulinukia hata mate yakanijaa. "Haya, mtabiri, sumu yako iko wapi?" Akachota kijiko. Binti yako akamshika mkono. "Shangazi, tafadhali. Nakutaka harusini, sikutaki hospitalini."

Kijiko kikarudi mezani. Sijapata kumwona dada akimtii mtu upesi hivyo.

Tone la kila mchuzi lilipelekwa maabara, likapakwa katika kisahani chake cha kioo. Visahani viliporudi, vikiwa vimefungwa barabara, kile cha mchuzi wa jokofuni kilikuwa karibu kitupu. Kile cha blanketi kilijaa madoa meupe kama mtama uliomwagika, kila doa kundi zima la bakteria. Dada akavaa miwani, akakitazama kitambo.

"Hawa wote wamelala kwangu bila hata kubisha hodi?"

Tulicheka mpaka fundi bomba wa jirani akachungulia dirishani.

Sasa hakuna mkali kumshinda. Mablanketi ameyapiga marufuku jikoni, na afunguaye jokofu ovyo hupata maneno yake. Harusini atapika yeye. Jana nilimsikia akimnong'oneza binti yako: "Mwanangu, na maharage je? Nipigie hesabu."

Msalimie mama wa bibi harusi. Mwambie asishone gauni la kubana, maana chakula kitakuwepo. Wasalimie pia wajukuu zangu wote. Mwenyezi Mungu awafungulie njia mfike salama, tena mfike na njaa.

Wako akupendaye na kukungojea,
Kaka yako mkubwa