Mashine Mia na Ishirini za Ghala la Kahawa

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Mashine ishirini na mbili leo. Tisa zimekubali, kumi na tatu zimegoma. Mgongo umekufa ganzi. Ghala hili lilijengwa kwa ajili ya magunia ya kahawa, si kwa mtu wa miaka arobaini na sita kutambaa chini siku nzima akichomeka nyaya.

Mambo yako hivi. Kompyuta mia na ishirini za mtumba kutoka Ulaya. Aina kumi na moja. Shule nne, thelathini kila shule. Tarehe 30 kamati inakuja kuziwasha moja moja. Zikiwaka zote, shule zinapata mashine na mimi napata kazi ya kudumu. Zisipowaka, mzigo mzima unahamishiwa mkoa mwingine ambako, kwa maneno ya Mwenyekiti wa kamati, watu wako tayari. Neno hilo linanikera tangu Ijumaa.

Umeme umekatika mara mbili. Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Oktoba

Sista Klementina ameshuka kutoka Kibosho. Ni mkuu wa shule ya wasichana kule. Wazazi wameshachonga meza thelathini za mgrevilea na kutia nondo madirishani. Wasichana wanachungulia chumba kitupu kila siku, anasema.

Akauliza kwa nini nisiziwekee programu moja moja kama mafundi wengine. Nikamweleza. Moja inakula saa tatu. Kwa hiyo naandaa mashine mama moja, naweka nakala yake kwenye seva, nyingine zinajinakilia zenyewe kupitia waya. Shida ni draiva. Kadi ya skrini, ya sauti, ya mtandao, kila moja inataka draiva yake, programu ndogo inayouambia mfumo namna ya kuitumia. Ukiipa isiyo yake, skrini inageuka bluu, au mashine inakuwa bubu, au haiuoni mtandao kabisa. Nimetenga folda kumi na moja za draiva, moja kwa kila aina. Nasoma lebo ya nje, naandika namba, mashine inachota folda yake yenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atatuombea. Sikuelewa ni mimi na nani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Arobaini na nane zimepita mikononi. Kumi na tisa tu ndizo nzima.

Siielewi hali hii. Mbili zimekaa jirani, lebo ile ile, rangi ile ile, hata mkwaruzo wa ubavuni unafanana. Moja imewaka vizuri. Ya pili, bluu. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha swichi. Nimeandaa mashine mama upya tangu mwanzo, siku nzima imekwenda na maji. Mwezi uliopita nilijaribu moja ya kila aina, zote kumi na moja zilikubali bila tabu. Baada ya hapo hakuna kilichobadilika isipokuwa zimefutwa vumbi.

Mke wangu Rose anasema nimekuwa mkali nyumbani. Ni kweli. Nilimfokea kwa sababu ya chumvi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mwenyekiti amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza. Mara ya pili kunitajia kijana mmoja wa Dar anayejua haya mambo. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Nimedanganya kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimejua.

Nimefungua mbili zenye lebo moja, nikaziweka wazi ubavu kwa ubavu. Ndani hazifanani. Kadi za skrini tofauti, za mtandao tofauti. Nikafungua ya tatu. Nayo hivyo hivyo. Folda zangu zinasoma lebo ya nje, na lebo inasema uongo.

Usafi walifanya akina mama sita, wote walikuwa wapanga kahawa humu humu ghalani kabla kazi haijakauka. Kiongozi wao ni Mama Anaeli wa Kirua Vunjo, miaka sitini na kitu. Nikamwita, nikauliza kadi walizirudishaje. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Walizitoa zote, wakazipiga brashi, wakazimwaga kwenye zile trei ndefu za zamani. Wakazipanga: kubwa na safi huku, ndogo huku, zilizochubuka kule. Kisha wakazirudisha kwa daraja, kadi nzuri kwenye mashine nzuri. Ndivyo walivyofanya kazi miaka thelathini. Punje ikishatoka guniani hairudi gunia lile, inakwenda kwenye daraja lake. Alikuwa anajivunia, nilimwona.

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia ameniharibia kazi, na kwamba kompyuta si kahawa, na kwamba mtu asiyejua aulize. Mbele ya wenzake watano. Mwanamke ambaye asubuhi nilimpa shikamoo.

Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akatoka. Wengine wakamfuata.

Nimeandika ripoti kwa Mwenyekiti. Uzembe wa wasafishaji. Nimeipeleka mwenyewe kabla hawajafunga ofisi. Nilisikia nafuu njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Peke yangu. Ghala linarudisha mwangwi wa kikohozi changu.

Nimejaribu njia ya mkato: draiva zote kwenye folda moja, mfumo uchague wenyewe. Unachagua vibaya. Unaiona kadi kuukuu, unaipa draiva mpya ya ndugu yake, mashine inaganda katikati. Nikazitoa tena. Nikaanza kufungua moja moja, kusoma namba kwenye ile chipu ya kila kadi kwa tochi na miwani. Namba ni ndogo kuliko sisimizi. Mashine saba tangu jana. Kwa mwendo huu nitamaliza Krismasi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nilikuwa natafuta bisibisi, nikakuta karatasi ya maagizo niliyowapa akina mama mwezi wa tisa. Mwandiko wangu. Toeni kadi zote, safisheni, rudisheni.

Basi. Sikuandika kila moja irudi ilikotoka. Kwangu ilikuwa wazi mno, sikuona haja. Nimewapa wapanga kahawa trei zao, ndani ya ghala lao, halafu nikashangaa wamepanga.

Nimekaa kwenye kreti muda mrefu. Najichukia kidogo. Nimechoka zaidi ya ninavyojichukia, na hilo nalo linanitia aibu.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimetoka ibadani nikapanda Kirua. Nilikata isale, jani la kuombea msamaha, mpakani mwa shamba la kihamba la kaka yangu, nikalifunga fundo kama nilivyomwona baba akifanya. Zamani sana hiyo. Sikudhani ningekuja kulibeba mimi, nimevaa suruali ya suti na tope mpaka magotini.

Mama Anaeli alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nikampa shikamoo, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Aliliangalia kwanza. Akalipokea. Mchagga akiletewa isale hakatai, sote tunajua, na mimi nilikuwa naitegemea hiyo.

Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, siwezi kukataa. Ila jani hili hujaniletea mimi. Umeziletea zile mashine zako."

Kweli tupu. Kama kazi ingekuwa inakwenda, leo ningekuwa nimelala.

Alinipa kitawa, uji wa ndizi, nikanywa bakuli mbili. Akaweka sharti moja: nikawaambie wale watano kwa mdomo wangu kosa lilikuwa la nani. Nimekubali.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimewaambia. Nilimung'unya maneno kama mtoto anayekariri asichokijua. Mama Anaeli akasema hawajasikia huko nyuma. Nikarudia.

Kisha nikawaeleza draiva, kama nilivyomweleza Sista, na nikaonyesha ile namba ndogo ya kwenye chipu. Mama Anaeli aliisogeza kadi dirishani, akaisoma bila miwani. Macho yaliyotumia miaka thelathini kutafuta punje mbovu.

Wazo ni lake, naliandika hapa nisije nikajisingizia baadaye. Kadi zilikotoka hakuna anayekumbuka, tusihangaike kuzirudisha. Zitolewe zote tena, zipangwe kwa namba ya chipu, na kila aina ya mashine ipewe kadi za namba moja, ndani zilingane. Mimi nilikuwa nikifukuzana na draiva. Yeye anazipunguza zenyewe.

Trei zimejaa tena. Wanaimba. Kichwa kinaniuma lakini sikuwaambia wanyamaze.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kadi za mtandao zilikuwa za namna tisa. Tumebaki na nne zenye kadi nyingi, zilizosalia tumeziweka pembeni, maana mashine kadhaa zilikuja na kadi mbili. Folda nimezijenga upya kwa kufuata kilichomo ndani, nimeachana na lebo za nje. Thelathini na moja leo, kwa mipigo miwili. Zote zimewaka. Hakuna bluu hata moja.

Nilitaka kufurahi, nikasinzia nimeshika kikombe.

Jumanne, 26 Oktoba

Umeme hakuna tangu asubuhi. Mvua. Bati linapiga kelele, hatusikilizani. Themanini na sita tayari, thelathini na nne zimekaa gizani.

Sista amepiga simu. Wasichana wameandika majina yao kwenye karatasi, nani atakaa meza ipi. Nikamwomba asubiri kwanza. Akasema wameshabandika ukutani.

Mwenyekiti naye: yule kijana wa Dar yuko hapa Moshi wiki hii, kwa shughuli zake. Kwa shughuli zake! Nilikata simu kabla sijamjibu ovyo.

Ijumaa, 29 Oktoba

Umeme ulirudi jana saa nne asubuhi. Hatukutoka nje hata kula. Mama Anaeli alituletea kiburu, ndizi na maharage, kwenye ndoo, tukala tumesimama.

Mia na kumi na tisa. Moja haitaki kabisa. Tumebadilisha kadi tatu, draiva nne. Mchana huu Mama Anaeli aliinusa, akasema imeungua, tena imeungua zamani. Alikuwa sahihi, kisambaza umeme chake kimekufa. Nimeng'oa kile cha seva nikakiweka humo. Seva imemaliza kazi, ikapumzike.

Mia na ishirini. Siwezi kusimama wima.

Jumamosi, 30 Oktoba

Kamati ya watu saba, na Sista, na walimu wa shule nyingine tatu. Akina mama sita kwenye benchi karibu na mlango, wamevaa vitenge vya kanisani.

Waliwasha moja moja kama walivyoahidi. Ilichukua saa mbili na nusu. Zote ziliwaka. Sista alilia kidogo, akajifanya anafuta miwani.

Ndipo Mwenyekiti akasimama kutoa shukrani. Akanishukuru kwa kuokoa kazi baada ya uharibifu wa wasafishaji. Akaongeza, huku akitabasamu kuelekea benchini, kwamba mwakani kontena jingine la kompyuta likija watatafutwa watu wanaoelewa.

Ripoti yangu. Sikuwa nimeifuta. Niliomba msamaha Kirua, nikaomba ghalani, ile karatasi nikaiacha ofisini ifanye kazi yake. Si kwamba nilisahau. Nilijua iko pale. Kila siku nilisema kesho.

Hakuna mama aliyeinua uso. Wangeweza kunitaja, hawakunitaja.

Nikasimama. Nikasema maagizo yalikuwa yangu na yalikuwa mabovu. Nikasema ripoti ile ni ya uongo na niliiandika kwa hasira. Nikasema mpango uliowasha mashine hizi ni wa Mama Anaeli, mimi nilichapa tu. Mwenyekiti akauliza, mbele ya wote, kama nilijua hivyo nilipomwambia kwa simu kila kitu kiko sawa. Nikasema wakati ule sikujua lolote, nilidanganya tu.

Mtu akakohoa. Kisha wakaenda kunywa soda.

Nilipokuwa nakunja nyaya, Mama Anaeli alipita akasema "Aika," asante ya kwetu. Hilo tu, kisha akaenda zake.

Jumatano, 3 Novemba

Tumepeleka za Kibosho leo. Barabara ni mbovu, nimeshikilia skrini mapajani kutoka mjini mpaka shuleni. Wasichana walizipokea mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja akaenda na yake mezani kwake kwa jina lake. Waliwasha. Hakukuwa na cha kurekebisha. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu bila kazi.

Barua ya kamati nilikabidhiwa asubuhi ghalani. Wananishukuru. Kwa kuzingatia yaliyojitokeza Jumamosi, kontena lijalo litasimamiwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Akina mama sita wanaombwa waendelee, chini ya Mama Anaeli.

Inauma. Nimeisoma mara tatu kuona kama kuna mahali pa kubishana, hapapo. Rose alinipikia mtori. Ningemwambia Mwenyekiti maneno yale yale tena, lakini ningependa niwe nimeyasema wiki mbili mapema.

Kabla ya kuondoka ghalani nilimkabidhi Mama Anaeli daftari la kadi: namba za chipu, draiva yake, iko folda gani. Alipekua kurasa taratibu, akanisahihisha namba moja. Akasema yule kijana akija ataanza kwa kusoma lebo za nje, lazima. Nikasema lazima. Akauliza kama kalamu naiacha pia.

Nimeiacha. Haya naandika kwa penseli ya Rose.