Sanduku la Mwanamwema na Fuvu la Plastiki

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Binti yangu Miska ameamua kwamba Harrow, mtaa wetu wa London, ni Texas. Sebule yetu, inayopakana ukuta kwa ukuta na ya jirani, inapambwa kama ya wachunga ng'ombe wa Marekani – mwenyewe anaita "rustic western". Leo zimekuja mbao za zizi bovu, zimegongomewa ukutani. Juu ya televisheni, gurudumu la gari la ng'ombe. Kule Unguja marehemu baba aliuza gari kama hilo, akanunua lori, akatoa sadaka kwa furaha. Miaka sitini ugenini, na gurudumu limenifuata!

Jumatatu, 7 Oktoba
Fuvu la ng'ombe, na pembe zake. La plastiki. Heri – hakuna haja ya kuuliza alichinjwaje.
Pravin, jirani, mzaliwa wa Kisumu, alichungulia dirishani: "Mzee Abdulsamad, farasi iko wapi?" Nikamwambia yuko juu, anaoga. Alicheka mpaka akapaliwa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Siku ya sanduku. Marehemu mke wangu Mwanamwema aliolewa nalo, likahama naye kila tulipohama. Kila Alhamisi alizisugua njumu zake, ile misumari ya shaba ya mapambo, kwa ndimu na majivu ya chetezo cha udi, Ijumaa iingie nyumba inang'aa. Huu mwaka wa tatu tangu afariki, nasugua mimi. Magoti yanalalamika. Siyasikilizi.
Ajabu – njumu zimeota kijani. Kwa wiki moja! Unyevu wa Uingereza huu. Nchi inaozesha hata shaba.

Jumapili, 13 Oktoba
Kijani tena. Nimesugua.

Jumanne, 15 Oktoba
Kijani. Nimesugua. Nishma wa dukani kaniuliza, ndimu zote hizi, nimefungua mkahawa?

Alhamisi, 17 Oktoba
Unyevu umekamatwa. Jina lake Miska.
Nimemkuta kapiga magoti na chupa ya siki na chumvi, ananyunyizia njumu. Kwa Kiingereza, bila shaka – Kiswahili anakielewa, ila hakimtoki – akanieleza kwamba shaba inayong'aa haiendani na chumba. Yatakiwa ionekane kuukuu. Nikamwambia sanduku lina miaka tisini, halihitaji msaada wa kuzeeka. Wala mimi. Akasema na yeye alikuwa akishangaa mbona siki haishiki.
Kumbe siku zote hizi tunapokezana zamu!
Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Jumamosi, kasema, atazing'oa njumu zote na kulikwangua kwa mashine mpaka ubaki mti mtupu. Nikamuuliza sanduku limemkosea nini. Akajibu polepole: hawezi kukaa kwenye chumba ambacho kila kitu kinamngoja mama arudi.


Jumamosi, 19 Oktoba
Naandika nimekaa juu ya sanduku. Mashine imechomekwa. Miska kavaa miwani ya fundi, koleo mkononi. Kaniomba mara mbili niondoke, kwa adabu zote. Nimemwambia namsubiri farasi.
Kaketi sakafuni, chini ya fuvu lake. Kidole chake kinapita kwenye safu ya chini ya njumu, ile iliyo karibu na miguu ya sanduku. Hiyo ndiyo safu aliyokuwa akipewa na mama yake kuisugua, maana alikuwa mdogo na mkono haukufika juu. Nilidhani nakumbuka peke yangu.
Kavua miwani.
"Baba," kasema – kwa Kiswahili! – "ndimu zimebaki?"
Zimo mbili, jikoni. Koleo hajaliweka chini. Na mimi, ili nizilete, lazima niinuke.