Kiwanja Cheusi cha Mama

Kimanga, Uvira, mwezi wa nane

Kwako yaya, dada yangu mupenzi Generose,

Pokea salamu nyingi za huku chini. Natumaini barua hii inakukuta weye, shemeji Antoine na watoto mukiwa wazima, na kwamba baridi ya Lemera haijawafungia ndani. Sisi hatujambo. Mama anaamka mbele ya jogoo na kugombeza kila muntu, basi ujue hana ugonjwa. Minye niko mweusi kwa vumbi ya lami, lakini ninakula vizuri.

Ulisikia wanatengeneza barabara yetu. Ni kweli, na mudogo wako iko ndani ya kazi hiyo. Bitume mupya, ile gundi nyeusi ya lami, inatoka mbali, inavuka ziwa, inakawia, kwa hiyo wanachukua lami ya zamani, wanaiponda, wanaichekecha, wanaitia mu mashini ya moto pamoja na changarawe na bitume kidogo, inatoka nyeusi na laini. Kazi yangu ni kuchagua: udongo kando, misumari kando, simiti kando. Mwanzoni nilifikiri wananichezea. Tangu lini muntu anajenga na kitu kilichokwisha kufa? Lakini nimekanyaga kipande walichomaliza, sikuona tofauti. Mukubwa wetu wa kazi, Papa Aimé, anasema lami haifi, inachoka tu. Anasema vile kila asubuhi, tumemuzoea.

Shida ni kwamba lundo la lami ya zamani liliisha mbele ya kufika ku soko ya samaki. Nawe unajua nyingine ilikwenda wapi. Mafuriko yalipoitapanya barabara, Kimanga yote ilibeba vipande nyumbani. Mwingine alijenga ngazi, mwingine alizuia maji mulangoni, na jirani yetu mama Naomie alivifanya mafiga, vikayeyuka chini ya sufuria, bugali ikamwagika na watoto wakalala njaa. Sisi ndio tuliobeba kupita wote. Marehemu baba yetu Papa Sévère, weye na minye, kichwani, mpaka Papa akamupangia Mama kiwanja kizima cha kuanikia ndagala, kwa sababu jiwe jeusi linashika jua na samaki anakauka mbele ya saa sita.

Shefu wa mutaa akatangaza salongo, ile kazi ya watu wote: Jumamosi, badala ya kuzibua mifereji, kila nyumba ilete lami yake. Hakuna aliyeleta. Wote walisema Mama yetu, mama Léocadie, iko na nyingi, akitoa yeye watatoa. Na mvua iko karibu. Bila lami hiyo njia ya soko inabaki matope mpaka kiangazi kingine, na ni pale pale Mama alipoanguka na beseni yake masika iliyopita akaumia goti. Papa Aimé akaja kumuomba, kofia mukononi, akasifu kwamba hajaona lami safi kama ile mu Uvira yote. Ni kweli, Mama anaiosha kila asubuhi. Mama akamupa kiti, akamupa maji ya kunywa, kisha akamuambia kwamba mume wake ndiye aliyezipanga na mikono yake, na hazitoki.

Minye nilinyamaza, yaya, na sababu unaijua. Ndagala za Mama zinanuka lami. Zilinuka tangu siku ya kwanza. Papa alizisifu, weye ukazisifu, minye nikameza na maji. Wateja wa Katogota walipoacha kuja, Mama alisema watu wa siku hizi wanajivuna, tukaitikia. Nani angemuambia Papa akiwa hai, na furaha yote ile? Na alipozikwa ilikuwa vigumu zaidi. Basi nilikuwa hapo katikati: nikinyamaza, Mama anarudi ku matope na goti lake, nikisema, ninatukana kazi ya Papa mbele ya mujane wake. Niliogopa sana, sikufichi.

Siku ya yenga, tulipotoka misa, tuliketi tunachagua ndagala, nikasema yote. Mama hakuinua kichwa. Aliniuliza ninajua tangu lini. Nikamujibu tangu mwanzo. Akacheka mpaka akashika goti.

Sasa sikia, yaya, ndiyo maana ya barua hii. Mama alijua. Alijua kabla yetu sote. Anasema alimuona Papa mara nyingi nyuma ya nyumba, anasuuza ndagala zake mu beseni na kuzikamua kama nguo, kisha anarudi mezani kusifu. Hakuweza kumutia haya mwanaume aliyejivunja mugongo kwa ajili yake. Na Papa alipotutoka, Mama alituona sisi wawili tunakula bila kukunja uso, akawaza kwamba kiwanja kile ndicho kilichotubakia cha baba yetu. Basi aliosha mawe yale kila asubuhi kwa ajili yetu, naye hayapendi hata kidogo. Tulilia na kucheka pamoja, samaki wakabebwa na kuku.

Kesho yake Mama alishika mutalimbo mwenyewe akang'oa la kwanza. Watu walipoona, kila nyumba ikatoa, hata mama Naomie na mafiga yake yaliyoyeyuka. Siku walipomaliza kipande cha soko, Mama alivaa kikwembe kizuri, akangoja rulo, ile mashini ya kushindilia, ipite, akavua viatu ili akanyage lami mupya, akaona inaunguza, akavaa tena. Akatembea mpaka ku soko na kurudi. Papa hakupenda soko, unakumbuka, lakini Mama anaonyesha watu mahali fulani na kusema Sévère iko pale. Vipande vyote vilichanganywa, hakuna anayeweza kujua, lakini nani atamubishia.

Siku hizi ndagala zinakauka juu ya wavu, juu ya meza za miti. Zinakawia kidogo. Patient wa pikipiki anakuletea kikapo kimoja pamoja na barua hii. Mama anakusalimia sana, na anauliza jambo moja: zile ndagala zote za lami alizokuwa anakutumia, nawe unamujibu kwamba mama mukwe anaomba nyingine, ni nani hasa aliyezikula? Anacheka, lakini jibu analingoja.

Uwasalimie wote wa kwenu, mumoja mumoja. Mungu awalinde huko mulimani. Hizi mupya uzionje kabla Patient hajaondoka, na kama ni mbaya, sema.

Ni minye mudogo wako anayekupenda,
Délice