Maji ya Muhogo Ukutani

Jumanne, 6 Januari 2026

Sijamwambia mtu. Jana nilichanganya saruji kwa maji ya kulowekea muhogo.

Fundi Reverien aliniacha peke yangu kwenye nyumba ya Mwalimu Josepha, hapa Kasulu. Mwalimu amehamishiwa Kibondo, na nyumba anatakiwa airudishe kuta zikiwa nzima. Matundu ya misumari arobaini na moja — kalenda, picha, saa, pazia. Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize kidato cha nne. Kwangua, futa vumbi, lowesha, jaza. Fundi alinionyesha mara moja, akaondoka.

Maji yaliisha nilipomaliza tundu la ishirini. Bombani walikuwepo vijana wanaoosha bodaboda. Asubuhi walishaniita, "Fundi, njoo utuzibie pancha." Nikashindwa kupita tena. Ndoo ya muhogo ilikuwa barazani, maji meupe kama chokaa. Nikajiambia maji ni maji.

Jumatano, 7 Januari

Nimegusa matundu. Ya mwanzo yamekauka, magumu. Yale mengine yanaacha alama ya kidole. Labda ni baridi. Mgongo unauma, vidole vimechubuka. Nimechoka.

Ijumaa, 9 Januari

Fundi amerudi. Alibonyeza tundu moja kwa dole gumba. Plasta ikamwagika. La pili, vilevile.

Mwalimu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, na nyumba yangu ya Kibondo utaipiga plasta ya unga hivi?"

"Ni mchanga, Mwalimu. Mzee Niyomwungere kaniletea wenye udongo."

Mzee Niyomwungere ndiye anayemchekechea mchanga, mwaka wa tisa sasa. Fundi akasema kazi ya Kibondo atamtafuta mtu mwingine.

Nilikuwa nimeshika msasa. Nikafungua mdomo. Fundi akaniwahi: "Usijali, binti. Wewe umefanya nilivyokuelekeza."

Nikaufunga.

Nimekwangua yote ishirini na moja, nimejaza upya kwa maji ya bomba. Vijana walipiga mluzi, nikapita. Leo nimeweza — leo, wakati haisaidii.

Jumamosi, 10 Januari

Mzee Niyomwungere amekuja na karai la mchanga na chupa tupu. Fundi alikuwa amekwenda kununua rangi. Mzee hakukaa nilipomkaribisha.

"Mwana wanje, mwanangu, wewe umesoma. Tia mchanga, tia maji, tikisa. Kama una udongo, utauona unakaa juu."

Nikatikisa. Tukaiweka chupa dirishani, tukasubiri. Mchanga ukatulia chini. Juu yake hakuna tope, ni utando mwembamba kama uzi. Maji yakaanza kung'aa.

"Sasa ni nini?" akauliza.

Hakuwa ananishtaki. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua, basi. Nikasema naenda chooni.

Niko humu na daftari, komeo nimelifunga. Nasikia pikipiki ya Fundi inaingia uani. Mzee anamwambia aje aangalie chupa. Fundi anasema chupa si ukuta. Mzee anasema, "Basi muulize binti, tumetikisa naye."

Sasa Fundi ananiita kwa jina.

Daftari langu, wewe usimwambie mtu. Hata nikitoka hapa nikanyamaza tena, wewe nyamaza. Hili linatakiwa litoke kinywani mwangu.