Zaburi Mbili kwa Tuni Moja

Juba, Jumanne jioni

Mpendwa dada Perpetua,

Pokea salamu zangu, wewe na mama na watoto wote. Natumaini kikohozi cha mama kimetulia na mvua imeyaachia maharagwe nafasi ya kukauka. Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia, lakini simu niliyo nayo ni ya ofisi, na mwajiri wangu huichukua apendavyo akasoma yaliyomo. Barua hii anakuletea kaka yake Mama Akello wa kwaya yetu, dereva wa lori anayepitia Bungoma. Ni mtu mwaminifu. Mpe chai, ila usimuulize habari zangu mbele ya mama.

Umeniuliza mara nyingi mbona siji, nami nimekujibu kwamba kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba pasipoti yangu haiko mikononi mwangu. Kibali changu cha kazi kilipokaribia kwisha, mzee Lazaro, mwajiri wangu, aliichukua akasema atanifanyia mpango. Kibali kimekwisha, mpango sijauona, na pasipoti imo kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti changu. Droo za juu naweka risiti za malori. Ya chini ufunguo anao yeye. Kutwa naketi nimeipa mgongo. Bila hiyo siwezi kupita kizuizi cha barabara ya Nimule iendayo mpakani wala kuingia uwanja wa ndege. Hata nikitaka kwenda Sherikat, ng'ambo ya mto, kununua samaki, natazama kwanza kama kuna askari darajani. Nikimkumbusha mzee husema, "Una haraka ya nini, kijana? Huko kwenu kuna kazi inakungoja?" Narudi kwenye risiti zangu.

Tena ndiye mwenyekiti wetu sisi Wakenya na Waganda tunaosali Misa ya Kiswahili. Kinanda cha kwaya alikinunua yeye, na yeye ndiye aliyenitaja niwe mwalimu wa kwaya. Kwa hiyo siku za kazi niko chini yake ofisini, mtaa wa Hai Jalaba, na Jumapili niko mbele yake kanisani, maana huketi benchi la kwanza.

Sasa sikia yaliyonipata, kwa kuwa kazi hii ulinifundisha wewe. Ulikuwa ukisema wimbo wa katikati si wimbo wa kuchagua kwa kupenda; ni jibu la somo la kwanza, na mwalimu wa kwaya asiyesoma somo ni kama mtu anayejibu kabla ya kuulizwa. Nilisoma. Somo lilihusu sala ya mnyonge inayopenya mawingu, na zaburi ya siku hiyo ilijibu kwamba maskini aliita, Mungu akasikia. Ndani yake mna pia ubeti unaosema Mungu huwageuzia uso watenda mabaya hadi kumbukumbu yao ifutike. Nikaitungia tuni fupi inayopanda kwenye neno "aliita" na kushuka taratibu, kama ulivyopenda. Hapa tuna desturi ya kuwafundisha waumini kiitikio Jumapili moja kabla, baada ya matangazo, kwa sababu wengi Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Walikishika upesi. Hadi nje ya geti watu walikuwa wakikiimba.

Kosa langu lilikuwa kuchapa mashairi ofisini. Mzee aliiokota karatasi kwenye mashine kabla yangu, akaisoma amesimama.

"Huyu maskini ni nani?"

"Ni wa kwenye kitabu, mzee."

"Na hawa watenda mabaya?"

"Pia wako kwenye kitabu. Mimi sikuchagua. Ni kalenda."

"Kalenda." Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Odilo, watu wa hapa wana shida za kutosha. Tafuta ya huruma. Ya huruma haimkosei mtu."

Macho yake yalikuwa kwenye kabati, dada, au mimi ndiye niliyeyaona huko.

Nilikwenda kwa padre nikamwuliza kama naweza kubadilisha. Hakuniuliza sababu. Alisema, "Zaburi za jumla zipo, na hiyo ya huruma ni mojawapo. Kitabu kinakuruhusu. Ila wewe ndiye utakayesimama kuiimba." Nikachukua ruhusa nikaondoka. Muda wa kutunga ulikuwa umeniishia, hivyo nikayachukua maneno mapya, kwamba Bwana ni mwema, amejaa huruma, nikayapachika kwenye tuni ileile. Yalikaa vizuri. Katika mazoezi Mama Akello, kiongozi wa sauti ya pili, aliniangalia hadi nikainamisha kichwa.

"Mwalimu, ile ya maskini iko wapi?"

"Tumebadilisha."

"Nani imebadilisha? Wewe ama ile mzee yako?"

Wanakwaya wakacheka. Nikasema tuimbe tangu mwanzo.

Jumapili somo likasomwa, nikapanda mimbarini. Niliimba kiitikio peke yangu, Bwana ni mwema, nikanyoosha mkono kuwakaribisha watu. Wakaitika kanisa zima: maskini aliita, Mungu akasikia.

Ni tuni waliyoisikia, dada, si maneno. Niliwafundisha mwenyewe. Niliimba ubeti wa kwanza, kwamba Mungu si mwepesi wa hasira, kisha nikaingia kiitikio pamoja nao kwa nguvu ili niwarudishe. Sauti yangu ilizama. Kwaya ilijaribu kunifuata, ikayumba, ikaenda na watu. Mzee Lazaro naye aliitika mara ya kwanza, nilimwona, kwa maana naye alifundishwa kama wengine. Kisha akafunga mdomo. Nilimaliza beti zote za huruma, na kila nilipotua walinijibu kwa kiitikio nilichokikimbia. Kuna mama mmoja anayeishi Mangateen, kambi ya waliokimbia vita, ambaye aliimba amefumba macho. Sikuweza kumtazama.

Baada ya Misa padre alinipita akasema polepole, "Kitabu kinaruhusu zaburi moja tu, mwalimu." Nilimfuata Mama Akello nikamwuliza kama amefanya makusudi. "Mimi iliimba ile ulitufundisha," akasema. "Malesh, pole, mwalimu. Ukitaka watu isahau, usiwape tuni tamu."

Jana asubuhi mzee aliingia bila kujibu salamu. Alinizunguka akafungua droo ya chini. Nilisikia ufunguo, sikugeuka. Nikasikia kurasa zikifunuliwa, halafu akasema, "Kumbe ulikuja na mashavu." Alikuwa anatazama picha yangu. Nikageuka nikafumbua mdomo niiombe, na maneno nilikuwa nayo, yamepangwa tangu usiku. Akairudisha, akafunga. "Jumapili ijayo imba iliyo kwenye kitabu. Usinichanganyie watu." Akaenda kwenye malori yake. Mpaka sasa sijui kama alinisamehe au alinionya.

Kwa hiyo nina ombi. Ndani ya Biblia kubwa ya marehemu baba mna cheti changu cha kuzaliwa. Kitoe nakala, umpe dereva akirudi. Mama Akello anasema ubalozi wetu humsikiliza mtu mwenye karatasi, hata asipokuwa na pasipoti. Kuufikia ni lazima nipite askari, na sikudanganyi, sijui kama nitathubutu. Lakini nataka niwe nayo mfukoni. Mama akiuliza ni ya nini, mwambie inatakiwa kanisani.

Nisalimie shemeji, na watoto wako, hasa yule anayeharibu sauti kwa kupiga kelele. Msalimie shangazi wa kisimani na katekista aliyenibatiza. Wanakwaya wa kigango waambie bado nasoma solfa kwa mkono ulionifundisha. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie zaidi.

Ni mimi mdogo wako, naita kutoka huku,

Odilo